Rikwama la kuchongesha au kigari cha kukunja? Nabebea vifaa vya kazi Mji Mkongwe, Paje na Pemba

#1 FundiBaridi
Asalaam aleikum wadau.

Mie fundi wa AC na mafriji. Kazi zangu nyingi zimo ndani ya Mji Mkongwe, na mnajua gari inaishia Darajani au Malindi, kutoka hapo ni mabega. Siku ya kufunga AC mpya huwa nna mashine ya nje (ya BTU 12,000 inafika kilo 25 mpaka 30), mashine ya ndani, pampu ya vakyumu, mtungi wa gesi, paipu ya shaba, drili kubwa kwa zile kuta za mawe na chokaa, sanduku la spana na ngazi ya aluminiamu. Nikijumlisha napita kilo mia. Mara nyengine nna kazi Paje kwenye mahoteli, huko kutoka barabarani mpaka chumbani ni mchanga mtupu. Na mara moja moja Pemba.

Nimezunguka madukani nimebaki na vitu vitatu. Kuna toroli la ujenzi la tairi moja. Kuna kile kigari cha kitambaa kinachokunjwa, magurudumu manne ya plastiki, wanachotumia watalii kubebea watoto na maboksi ya barafu ufukweni. Karatasi yake imeandikwa kilo 80. Na kuna kumpa mchomeleaji anichongee rikwama dogo. Kwa mawazo yangu magurudumu manne ndiyo mpango, kwa sababu hulibebi, unalivuta tu. Anayebisha aje na hoja.

La pili. Nimeazima rikwama dogo la mwenzangu wa mabomba. Likiwa tupu linakwenda sawasawa. Likipakiwa linavuta kushoto, nalirudisha, linavuta tena, mpaka linachubua baraza za watu. Tatizo nini?

#2 Msema_Pembeni
Limezoea. Mwenyewe kila siku anakata kushoto kwenda kunywa kahawa Jaws Corner.

#3 MtotoWaMchukuzi
Wa alaykum salaam. Nabisha.

Mzee wangu ametulea kwa rikwama pale bandarini, nami nimelisukuma kila skuli zilipofungwa. Magurudumu manne ni ya sakafu ya ghala. Vichochoroni unataka kitu kinachogeuka kiliposimama. Rikwama la mawili gurudumu moja linakwenda mbele, jengine linarudi nyuma, basi ushageuka. La manne, kama ekseli ya mbele haizunguki utaliburuza kila kona; kama inazunguka, ukikata kona kali na mzigo wa juu linapinduka. Halafu vizingiti na mitaro. Magurudumu mawili makubwa unayapandisha mara moja. Manne madogo yanakwama mbele, ukishayanasua yanakwama nyuma.

Kuhusu kubeba, rikwama likipakiwa vizuri hulibebi vilevile. Uzito unakaa juu ya ekseli, mbele unazidi kidogo tu. Ukizidisha mbele mgongo umekwisha, ukizidisha nyuma litakunyanyua wewe. Mzee akishapakia alikuwa anainua mikono ya rikwama kwa vidole viwili. Hajaridhika, anasogeza polo moja shubiri nyuma, anainua tena. Watu wanapiga kelele bandarini, meli imeshafunga, yeye bado anainua kwa vidole viwili.

#4 Mtu_wa_Kariakoo
Wazee mnajitesa bure. Nunua guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, panga vitu vyako, piga pedeli. Huku Dar guta linabeba friji tatu.

#5 Msema_Pembeni
Lete guta lako Darajani, ndugu yetu. Likiingia kichochoro cha kwanza tutakuwa tunakuletea chakula humohumo, maana hutotoka tena.

#6 Maalim_Hesabu
Naongezea alichosema #3, kwa sababu toroli la tairi moja bado halijaguswa na ndilo rahisi kupatikana.

Toroli gurudumu liko mbele kabisa, mzigo uko katikati, mikono yako nyuma. Kama uzito umekaa theluthi ya njia kutoka kwenye ekseli kuja mikononi, basi mikono inabeba theluthi ya mzigo. Kilo 90 ndani ya toroli, wewe umeshika kilo 30 muda wote unaotembea. Na gurudumu ni moja, kwa hiyo kazi ya kuzuia lisilale ubavu ni yako pia. Kwa mchanga na zege, safari ya hatua chache, sawa. Kwa mashine ya AC ambayo inatakiwa isimame wima, kutoka Darajani mpaka Shangani, hapana. Beseni lake limepinda ndani, hakuna kitu cha mraba kitakachokaa humo kikatulia.

Sifa yake moja: linapita popote anapopita mtu.

#7 Chuma_na_Kutu
Mie ndiye huyo mchomeleaji mnayemzungumza. Rikwama linalovuta upande likipakiwa, na likiwa tupu halivuti, mara nyingi ekseli imepinda. Watu wanaleta bomba la maji wanasema nichomelee hii ndiyo ekseli. Bomba linabeba leo na kesho. Siku likishiba mzigo linapinda katikati, magurudumu yanafungua chini au yanabana mbele, kila moja linataka njia yake. Tupu linarudi, hulioni.

Jipimie mwenyewe. Pakia mzigo wote, chukua futi ya kamba, pima kutoka tairi mpaka tairi upande wa mbele usawa wa ekseli, kisha upande wa nyuma usawa huohuo. Zikitofautiana, usiendelee kusoma huu uzi, kata ekseli.

#8 Vuga_Spika
Mie nakodisha spika na taa za harusi, kila wiki naingia mjini na masanduku mazito kuliko AC yako. Kabla hujakata ekseli ya watu pima upepo. Tairi lenye kijitundu kidogo likiwa tupu linaonekana limejaa. Ukiweka mzigo linakaa chini, linakuwa dogo kuliko mwenzake, rikwama linaelekea huko. Hamisha: tairi la kushoto weka kulia. Likianza kuvuta kulia, umempata mwizi.

Halafu mbona hakuna aliyetaja toroli la kusimama? Lile la madukani, magurudumu mawili na kibati chini, unaegemeza friji mgongoni mwake. Ndilo ninalotumia kwa kila kitu. Kichochoro cha upana wa mabega linapita. Ngazi za nyumba za mji, zile zilizosimama kama ukuta, unarudi nyuma unapandisha daraja moja moja. Mashine ya nje ya AC inakaa wima, mkanda mmoja, kwisha. Ngazi yako ya aluminiamu bebesha mwanafunzi.

#9 FundiBaridi
Shukran #3, #6, #7, #8.

Nimehamisha tairi. Bado linavuta kushoto, ila naona kama limepungua. Au najidanganya. Futi sijapata muda.

Toroli la kusimama ninalo dogo, magurudumu yake ya mpira mgumu. Darajani penye lami zuri. Nikiingia ndani kule mawe yameinuka, kila jiwe linanigonga mpaka kwenye meno, na vitu vyengine vyote vinabaki kwenye gari navirudia. Nataka safari moja.

#10 BiMwani_Bwejuu
Naona mnazungumza mji tu na mwenye uzi kasema Paje. Haya, mie wa huku huku.

Kigari cha kitambaa hakitokufaa. Wageni wanakiacha mahotelini, tumekirithi, tumekijaribu kwa mwani. Magurudumu yale membamba na madogo yanakata mchanga kama kisu. Kikiwa na maboksi mawili kinakwenda. Ukitia mwani mbichi, ambao ukishakauka unabaki sehemu ya saba mpaka ya kumi ya uzito ule, kinazama mpaka tumboni na unakuwa unavuta plau.

Mchanga unataka tairi nene na upepo mdogo. Sisi tuna kirikwama cha tairi za upana wa kiganja. Asubuhi tunapunguza upepo mpaka ukibonyeza kwa gumba linaingia. Tena angalia maji. Maji yakiwa yametoka, ule mchanga uliolowa ni mgumu, unapita kama barabarani. Kazi iko kwenye mchanga mkavu wa juu, pale penye minazi. Kama una mzigo wa hoteli ya ufukweni na njia ya juu ni mbaya, subiri maji yatoke upitie chini.

Ila ukirudi mjini jaza upepo, maana tairi laini na mzigo wa kilo mia kwenye mawe utakata tyubu.

#11 Mtu_wa_Kariakoo
Kumbe mwani bado unalimwa? Si ulianza miaka ya 2000 huko na bei ikaanguka?

#12 BiMwani_Bwejuu
1989, mwanangu. Bei inaanguka na kupanda, sisi tupo. Rudi kwenye guta lako.

#13 Nungwi_Mitungi
#10 kamaliza kuhusu mchanga. Niongeze kwa nini kile kigari kinakufa haraka, maana kambi yetu ya kuzamia imekula kadhaa.

Mtungi mmoja wa aluminiamu wa kuzamia, tupu, ni kilo 14 hivi. Mitano hiyo bado iko chini ya zile kilo 80 za kwenye karatasi. Lakini zile 80 ni za sakafu, tena kimesimama. Ndani ya magurudumu hakuna beringi, ni plastiki inazunguka juu ya msumari wa chuma. Mchanga ukiingia unakuwa msasa. Tundu linapanuka, gurudumu linaanza kucheza ngoma, siku ya siku linachomoka na wewe uko katikati ya watu. Na ile fremu inayokunjika ina pini ndogo nyingi, kila pini ni mahali pa kutu.

Tukaachana nayo. Sasa tuna bodi ya marini plaiwudi, ekseli moja, tairi mbili za toroli. Kila jioni tunaimwagia maji baridi ya mferejini, magurudumu khasa.

#14 Mkoani_Kweli
Jamani na Pemba je? Mmesahau kuna milima?

Nyie Unguja kwenu kusawazishwa na Mungu. Ukishuka meli hapa Mkoani mji wote uko juu yako. Rikwama la #3 la vidole viwili lilete hapa. Kupanda utaomba msaada, na kushuka ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu halina breki na uzito wote unakukimbilia nyuma ya visigino.

#15 Maalim_Hesabu
#14 ana haki. Mlima unaopanda mita moja kwa kila mita kumi, mzigo wa kilo mia unakuvuta nyuma kwa nguvu ya kilo kumi hivi kabla hujahesabu msuguano. Ukishuka zile kumi zinakusukuma. Watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma na kamba.

#16 MtotoWaMchukuzi
Breki ipo. Mombasa nimeona mikokoteni ina kipande cha tairi kuukuu kimefungwa mkiani. Anashuka mlima, anaegemea nyuma, mkia unagusa lami unaburuza, mwendo unapungua. Hapa mjini hatuhitaji lakini mtu wa Mkoani achukue. Muhimu mzigo ufungwe, maana ukiegemea nyuma unataka kumwagika.

#17 Mkoani_Kweli
Hilo la mkia nimelipenda. Tairi la aina gani?

#18 Msema_Pembeni
La mbele la guta.

#19 Chuma_na_Kutu
Turudi kwenye kuchonga, maana naona mwenye uzi anaelekea huko.

Magurudumu kwanza, fremu baadaye. Watu wanachonga fremu nzuri kisha wanatafuta gurudumu la kuingia, matokeo yake ni hilo la kuvuta kushoto. Tairi nyingi za toroli zimeandikwa ubavuni 4.00-8. Namba hiyohiyo iko kwenye tairi za bajaji. Kwa hiyo tairi la toroli likikatika juu ya matumbawe, huhitaji kusubiri duka la vifaa vya ujenzi, unanunua la bajaji, tena lina uzi mzito kuliko la toroli.

Beringi: tafuta 6204. Tundu lake milimita 20, kwa hiyo ekseli yako ni nondo imara ya milimita 20 iliyochongwa kwenye mashine, sio bomba. Herufi za nyuma zisome. Yenye ZZ ina kifuniko cha bati, mchanga unapenya. Yenye 2RS ina mpira pande zote mbili. Kwa visiwa vyetu chukua 2RS.

Fremu ya skwea paipu ni nyepesi na nzuri, lakini inaoza kwa ndani. Maji ya chumvi yanaingia kwenye ncha, hayatoki. Unaona rangi iko safi, siku moja unabonyeza kwa kidole kinaingia. Ama uzibe ncha zote kwa kuchomelea pasibaki hata tundu la sindano, ama utoboe chini maji yatoke. Katikati hakuna. Mie natoboa.

#20 Vuga_Spika
#19 tairi la bajaji kwenye rimu ya toroli linaingia kweli? Mie nilipelekewa likagoma.

#21 Chuma_na_Kutu
Kuna matoroli ya 3.50-8, na kuna ya mpira mzima yasiyo na tyubu kabisa. Soma ubavuni kabla ya kulipa. Na la bajaji ni gumu, kwenye rimu ya kipande kimoja utatumia nguvu na sabuni.

#22 Nungwi_Mitungi
Na upepo wake usijaze wa bajaji kwenye rimu ya bati la toroli. Matoroli mengi yameandikwa mwisho PSI 30. Rimu ikifunguka usoni kwako huo ni msiba.

#23 Mzee_wa_Vespa
Nimesoma kimya mpaka hapa. Vijana, mji huu umejaa Vespa kuukuu na mnahangaika na bajaji?

Vespa za zamani zina tairi 3.50-8. Rimu yake ni vipande viwili vinavyobanwa kwa nati. Pancha ikitokea unafungua nati, rimu inaachana, tyubu linatoka lenyewe, huhitaji chuma cha kupanulia wala sabuni ya #21. Toa upepo wote kwanza, usije ukafungua nati tairi limejaa. Rikwama langu la kubebea mashine za kupolishi sakafu lina rimu za Vespa tangu watoto wangu wako chuoni, sasa nna wajukuu.

Inabidi mchongaji atengeneze haba, yaani kitovu cha gurudumu, ya kupokea zile boliti, na hapo ndipo wengi wanakataa kazi.

#24 Chuma_na_Kutu
Hatukatai, babu. Tunasema bei unakimbia.

#25 Bint_Kiponda
Samahani mie nauliza la kijinga. Kwa nini usimlipe mchukuzi? Wapo pale Darajani na marikwama yao, wanajua kila kichochoro, unamlipa kwa safari, huweki kitu nyumbani, huziki pesa kwenye tairi. Rikwama lako ukilimaliza utaliegesha wapi? Nyumba za mji hazina ua wa kuwekea. Ukiliacha nje na mnyororo, asubuhi utaukuta mnyororo.

#26 FundiBaridi
Si la kijinga. Nalipa kila siku ndio maana nahesabu. Lakini nikimaliza saa nne usiku simpati mtu, na kifaa cha laki kadhaa kikidondoka hakuna wa kumdai. Tena mashine ya AC isilazwe, mafuta ya kompresa yanahama. Friji likilala lazima ulisimamishe utulie saa kadhaa ndio uliwashe. Ukimwambia mtu ana haraka anakuitikia tu.

#27 MtotoWaMchukuzi
Wachukuzi tumekusikia. Wiki ijayo bei yako peke yako inapanda.

Bint_Kiponda ana hoja lakini. Hesabu siku zako za kazi nzito kwa mwezi. Kama ni chache, kodi. Kama kila siku, chonga. Mzee wangu angekwambia kodi, lakini mzee alikuwa upande wa pili wa hiyo bei.

#28 Msema_Pembeni
Mie nasema punda. Anapanda mlima wa #14, anapita mchanga wa #10, hana tyubu, na akivuta kushoto unampiga kofi.

#29 BiMwani_Bwejuu
Usimpige kofi punda. Na ngazi za ghorofa ya pili atapanda nani, wewe?

#30 Mtu_wa_Kariakoo
Suala hapa ni serikali ipanue hivyo vichochoro na kuondoa hizo baraza zinazobana njia. Mji urithi wa dunia tangu 1985 lakini huwezi kupitisha guta?

#31 Bint_Kiponda
1985 ndio ilipoundwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Urithi wa dunia wa UNESCO ni 2000. Na baraza haziondoki, ndipo wanapokaa wazee wetu. Pima rikwama lako lipite.

#32 Maalim_Hesabu
Hilo la kupima ndilo nililotaka mwenye uzi alifanye kabla ya yote. Tembea njia zako mbili tatu unazopita sana na futi. Usipime ukuta kwa ukuta, pima baraza kwa baraza, na upime kwenye kona, kwa sababu kitu kirefu kinataka upana zaidi kikigeuka. Chukua ile nyembamba kuliko zote, toa upana wa ngumi mbili kila upande. Huo ndio upana wa rikwama kutoka ncha ya ekseli mpaka ncha ya ekseli. Watu wanapima bodi wanasahau nati za ekseli zimechomoza nje. Hizo ndizo zinazochubua.

#33 FundiBaridi
Nimepata futi. Taarifa ya kushoto:

Upana wa mbele na nyuma ya matairi, likiwa na mzigo, haupishani kitu cha kuonekana. Kwa hiyo ekseli ya #7 sina uhakika nayo tena.

#34 Chuma_na_Kutu
Umepima usawa wa ekseli au umepima chini?

#35 FundiBaridi
Usawa wa ekseli, shekhe. Mwanafunzi wangu kashika upande mmoja.

#36 Vuga_Spika
Basi mkono wa mwanafunzi ulitetemeka.

#37 Mzee_wa_Vespa
Je njia yenyewe? Vichochoro vingi vimelala kuelekea mtaro ili maji ya mvua yaondoke. Pita kichochoro hichohicho ukirudi na mzigo uleule. Likivuta kulia wakati wa kurudi, rikwama halina kosa, mtaa umelala.

#38 Nungwi_Mitungi
Kuna kitu hapa hakuna aliyekisema na mwenye uzi ndiye fundi wa AC! Mashine ya nje kompresa iko upande mmoja. Ukiifungua, upande mmoja feni na hewa, upande wa pili kompresa na vali, uzito wote huko. Ukiiweka katikati ya bodi kwa kuangalia boksi, uzito hauko katikati. Gurudumu la upande huo linakandamizwa, linazunguka kwa shida, rikwama linageukia huko. Geuza boksi kisha utuambie.

#39 FundiBaridi
Aaah. Hilo ninalijua kwa mikono, nikibeba najua wapi pazito, kulipakia ndio sijawahi kuliwazia.

Nimegeuza boksi. Nimepita njia ya Mkunazini kwenda na kurudi. Kuvuta kumepungua sana, lakini kupo, na ni kushoto kwenda na kushoto kurudi. Njia ya Forodhani kwenda linavuta kushoto, kurudi linanyooka. Kwa hiyo #38 ana sehemu yake, #37 ana sehemu yake, na bado kuna kitu.

#40 Chuma_na_Kutu
Hicho kitu ni ekseli.

#41 Vuga_Spika
Hicho kitu ni upepo.

#42 MtotoWaMchukuzi
Mie nashuku beringi ya kushoto. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, sikiliza. Likikwaruza kama unasaga pilipili manga, ndiyo hiyo. Beringi iliyoshika kutu ikiwa tupu inazunguka, ikibanwa na mzigo inakataa.

#43 Mkoani_Kweli
Au mwenye uzi mkono wake wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto. Miaka mingapi unashika spana kwa mkono huo?

#44 Bint_Kiponda
Hii ya #43 mmecheka lakini mpe mtu mwengine alivute tuone.

#45 FundiBaridi
Kavuta mwanafunzi, ni shoto. Kasema linakwenda sawa. Sasa sijui nimsadiki nani. Beringi sijafungua, rikwama si langu.

Uamuzi wangu wa kununua: nachonga. Magurudumu mawili, 6204 za mpira, bodi ya marini plaiwudi, mikono ya kufungua kwa boliti ili kwenye meli ya Pemba lilale bapa. Boliti nafikiria stenlesi zote.

#46 Nungwi_Mitungi
Boliti za stenlesi kwenye chuma kilichopakwa rangi sawa. Kama utaweka kipande cha aluminiamu popote, usiziache zigusane nacho moja kwa moja penye chumvi, aluminiamu itageuka unga mweupe. Weka wosha za plastiki katikati. Mitungi yetu na makoki yake imetufundisha.

#47 Chuma_na_Kutu
Na redi oksaidi, ile ya kuzuia kutu, mara mbili kabla ya rangi. Sio mara moja halafu unaniambia fundi umenipa chuma kibovu.

#48 Mzee_wa_Vespa
Rimu mbili za inchi nane ninazo, na tyubu moja nzima. Njoo baada ya laasiri, sio kabla, nalala.

#49 FundiBaridi
Nakuja inshallah. Nikuletee nini?

#50 Mzee_wa_Vespa
Friji langu la chini linaganda barafu ukuta wa nyuma, maji yanamwagika jikoni kila asubuhi. Mke wangu anasema ni mlango, mie nasema ni gesi.

#51 Msema_Pembeni
Upepo huo.

#52 Chuma_na_Kutu
Ekseli.

#53 FundiBaridi
Babu, kuna kitundu kidogo cha kutolea maji chini ya ule ukuta wa nyuma kwa ndani, mara nyingi kinaziba kwa mabaki ya chakula. Usitumie chuma, tumia mrija laini na maji ya vuguvugu. Na ule mpira wa mlango nitautazama nikija kuchukua rimu.